Hapa Paliungua Nini?

Kazi inayonilisha ni kupima maji. Mtu ana kiwanja Kisesa au Buswelu, bomba halijamfikia, anataka kisima. Tunafika na betri, nyaya na vigingi, tunapitisha umeme ardhini, kisha tunamwambia achimbe wapi na aende chini mita ngapi. Chini ya Mwanza ni itale tupu, mawe yaleyale mnayoyaona yamebebana pale Jiwe la Bismarck, na maji yamejificha kwenye nyufa zake. Ukichagua sehemu vibaya, mteja analipia vumbi.

Ila kuna kazi nyingine imeniingia, na kila nikiitaja kijiweni watu wanacheka au wanakunja uso. Ni kupima ardhi kabla haijajengwa ili ijulikane kama watu wa kale wameacha kitu chini. Aliyeniingiza ni dada mmoja mtaalamu wa akiolojia, tuliyefahamiana kwenye mradi wa maji. Mwekezaji alikuwa ametwaa eneo upande wa Sengerema, linashuka mpaka ziwani, anataka kujenga hoteli na kukata viwanja vya kuuza. Jina la mahali sitalitaja, mkataba unanibana. Kwenye tathmini ya athari kwa mazingira mtu alikuwa ameandika sentensi moja tu, kwamba shambani kuna vigae vya vyungu vya zamani, na sentensi hiyo ndiyo iliyotupeleka kule.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwenye karatasi tumekaa vizuri. Shida yangu ni nani anatangulia kufika shambani, na hilo nitalisema kwa hasira kidogo huko mbele.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike na shamba la mihogo? Watanzania wengi wakisikia mambo ya kale wanawaza Olduvai, Kilwa na Bagamoyo. Ziwa wanaliachia sangara. Lakini huku ukanda wa ziwa kuna vyungu vinavyoitwa vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo ndani ya Mto Kagera, vilivyofinyangwa na wavuvi na wawindaji maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kupanda mtama hapa. Vimepatikana hata kwenye pango la Nyang'oma, hapahapa Mwanza. Baadaye wakaja watu wa vyungu vya Urewe, jina la mahali fulani Siaya, Kenya. Hao walilima na waliyeyusha chuma. Katuruka, karibu na Bukoba, wazee wa Kihaya walimsimulia mwanaakiolojia Peter Schmidt habari za mti mmoja na wahunzi wa zamani. Alipochimba alikuta mabaki ya kuyeyusha chuma ya takribani miaka 2,000 iliyopita. Mashine haikuwa imempeleka pale. Masimulizi ndiyo yaliyompeleka.

Na vitu hivi hutokea hasa watu wanapojenga. Mwaka 1929 wafungwa walikuwa wanachimba kwenye gereza la Luzira, Kampala, ufukweni mwa ziwa hilihili, wakafukua kichwa cha udongo wa kufinyanga. Leo kiko kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, London. Hapo bahati ilikuwa ya jembe la mkono, maana jembe la mkono mtu analisikia likigonga. Dereva wa greda hasikii kitu.

Sasa mashine. Tunayotumia inapima usumaku. Udongo wetu una chembechembe za madini ya chuma, na ukiuchoma sana, ukapita nyuzi 580 hivi za Selsiasi, sumaku ya zile chembe inafutika. Ukipoa, zinajipanga upya kufuata sumaku ya dunia ya siku ile, na zinabaki hivyo. Jiko la kawaida la mafiga linaacha alama hafifu. Tanuri la kuyeyusha chuma, ambalo ndani yake joto linapita nyuzi 1,100, linaacha alama kali, tena na mavi ya chuma, ule uchafu unaobaki chuma kikishayeyushwa, yanaongezea. Sumaku ya dunia kwa huku kwetu ni takribani nanotesla 33,000; nanotesla ni kipimo kidogo sana cha nguvu ya sumaku. Sisi tunasaka tofauti za nanotesla tano, kumi, kwenye shimo la taka pengine moja au mbili.

Ufundi wenyewe ulianza kwa haraka ya barabara. Mwaka 1958 Uingereza walikuwa wanapanua barabara kuu karibu na Water Newton, mahali palipojaa matanuri ya vyungu ya enzi za Warumi, na muda wa kuchimba kila sehemu haukuwepo. Martin Aitken wa Oxford akaenda na kipima sumaku, akapata tanuri bila kujua kabla liko wapi. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya starehe ya maprofesa, namjibu kwamba yalizaliwa mbele ya matrekta.

Kabla ya kuanza kupima kuna suala la mavazi, na hapa ndipo vijana wangu wananicheka. Aliyebeba mashine hatakiwi kuwa na chuma mwilini. Mkanda wenye kifungio cha chuma, zipu, buti za kazi zenye chuma kidoleni, funguo, simu, vyote vinakaa mbali. Kwa mwanamke orodha inaendelea: pini za nywele, sidiria yenye waya, hereni za bei rahisi. Pete ya ndoa ya dhahabu haina tatizo, mume wangu alifurahi kusikia. Mimi navaa suruali ya mpira kiunoni, fulana, na raba za plastiki za kwenda bombani, na kichwani kitambaa kilichofungwa fundo. Mteja alinitazama kama vile nimekuja kufua.

Mashine ni mirija miwili iliyosimama wima, imeachana mita moja, imeunganishwa na mti wa katikati ninaoubeba kwa mkanda wa bega. Ukiiona kwa mbali ni kama mtu na mzega wake wa maji. Tunagawa shamba katika miraba ya mita 20 kwa 20. Kijana mmoja anakaa huku na mwingine kule, wanavuta kamba ya nailoni yenye alama za rangi kila mita, mimi natembea juu ya kamba. Mashine inalia kila baada ya muda uleule, na kila inapolia niwe nimefika kwenye alama. Ukichelewa kwa sababu umekanyaga tuta la mihogo, au umekwepa nyuki, mstari unapinda kwenye ramani. Kuna mtu aliniuliza kama kazi hii inahitaji digrii. Inahitaji magoti.

Jua nalo lina neno lake. Vipokezi vikipata joto vinaanza kuyumba, kwa hiyo tunaanza mapema, na tunarudi mara kwa mara kwenye kona moja tulivu ya shamba kuvisawazisha. Saa saba mchana tunapumzika chini ya mwembe.

Kijijini walikuwa wameshaamua tunatafuta nini. Waligawanyika kuhusu aina tu. Vijana walisema dhahabu, maana Geita haiko mbali na detekta za wachimbaji wadogo wanazifahamu kuliko mimi. Wazee walisema mali ya Mjerumani, kwamba alipokimbia wakati wa vita alizika rupia zake na sisi tumepewa ramani. Nimejifunza kutobishana kwa maneno. Niliomba kwa mwenyekiti wa kijiji nionyeshe mashine hadharani, nikawaita wale waliokuwa wakali zaidi, nikawaachia waangalie kioo wakati natembea. Namba zinapanda, zinashuka, hakuna king'ora cha dhahabu. Wakachoka haraka, wakaenda zao, isipokuwa mzee mmoja mwenye baiskeli.

Ramani ya kwanza ilipotoka kwenye kompyuta ilikuwa na madoa mengi kuliko tulivyotarajia. Hapa ndipo vitabu vinamwangusha mtu wa ziwa. Vingi vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako sumaku ya dunia inazama ardhini kwa mwinuko mkali, kwa hiyo kitu kilichoungua kinaonekana kama doa moja kubwa, na unachimba palepale penye doa. Kwetu sumaku imelala. Kitu kimoja kinatoa madoa mawili, jeupe na jeusi, moja kaskazini na jingine kusini, ukubwa unakaribiana, na chenyewe kiko katikati, mahali ambapo rangi imetulia. Anayefuata rangi kali anachimba pembeni.

Halafu kuna swali kubwa zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mashine inakwambia hapa paliungua. Haikwambii nani alichoma wala lini. Na ukanda huu kila mtu amechoma kitu. Tunachoma matofali, tunachoma mkaa, tunachoma mabua. Tanuri la matofali la mwaka juzi lina sumaku kali kama tanuri la mhunzi wa enzi za Urewe, na pengine linazidi. Nilikuwa na madoa makali matatu yaliyofanana kwa nguvu, na kwa kukaa na kompyuta peke yake ningeweza kuandika ripoti tamu sana kuhusu matanuri matatu ya chuma.

Yule mzee alirudi asubuhi iliyofuata. Akaegesha baiskeli kwenye mwembe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Rupia mmeziona?"

Nikamwonyesha ramani kwenye karatasi, nikamweleza lile doa ni pale penye kichaka, lile pale chini karibu na jiwe. Aliichukua, akaigeuza mpaka ziwa likawa upande wake sahihi, akaweka kidole kwenye doa la kwanza bila kusita.

"Haya ni matofali ya shule. Tulichoma wakati wa Operesheni Vijiji, walipotuhamishia huku. Tanuri lilikuwa hapa, na udongo tuliutoa pale penye shimo."

Ukiambiwa, unaona. Doa lile lilikuwa mstatili wenye mistari sambamba ndani yake, ile midomo ya tanuri ambamo kuni zinasukumwa. La pili akasema ni la mwanawe, matofali ya nyumba ambayo haikuisha, na akaongeza maneno kuhusu mwanawe ambayo hayahusiani na sumaku. Kwenye la tatu, karibu na jiwe, alinyamaza kidogo.

"Hapa hatujachoma kitu. Hapa jembe linagonga mawe meusi mazito. Mama alikuwa anayaokota anayatupa mpakani."

Dada wa akiolojia alikuwa amekaa chini anakula muhogo. Alisimama akauacha.

Mpakani kweli kulikuwa na rundo, limefunikwa na majani. Alichukua kipande ukubwa wa ngumi, akakipima uzito mkononi, akanipa. Kinaelemea kuliko macho yanavyotarajia. Upande mmoja kilikuwa kimeganda kwa mawimbi, kama kimiminika kilichokatizwa njiani, na upande mwingine kilikuwa na mifereji membamba iliyonyooka. Akanieleza kwamba wayeyushaji wa ukanda huu walikuwa wakijaza shimo la chini ya tanuri kwa matete au nyasi za majini. Uchafu wa chuma ukiyeyuka unashuka humo, matete yanaungua, na alama zao zinabaki zimechapwa kwenye mavi ya chuma. Nilipitisha ukucha kwenye mfereji mmoja. Fundo la tete lilikuwa bado linaonekana.

Shimo la majaribio lilichimbwa mita moja kwa moja, pale karibu na jiwe, katikati ya jeupe na jeusi. Juu luseni, ule mchanga mwepesi unaotokana na itale, chini yake udongo uliogeuka mwekundu wa matofali, umekaa kwa mduara, na ndani mavi ya chuma na mkaa. Vigae vilikuwepo vichache, kimoja cha ukingo chenye mistari ya kuchora iliyokaa sambamba. Nilimuuliza dada tanuri ni la lini, akakataa kunijibu mpaka mkaa upimwe maabara. Wayeyushaji chuma wamekuwepo kusini mwa ziwa mpaka nyakati za mababu zetu. Warongo wa upande wa Geita walijulikana kwa kazi hiyo, na majembe yao yaliliwa mahari na Wasukuma. Kwa hiyo tanuri linaweza kuwa la kale sana au la juzijuzi, na mimi napenda mtu anayejua kunyamaza kwenye hatua hiyo.

Wengi wameniuliza kwa nini sikutumia mashine yangu ya maji. Kupitisha umeme ardhini ni njia nzuri ukitafuta kuta za mawe na misingi; Waingereza walianza nayo mwaka 1946. Ila wazee wetu hapa walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na mawe yaliyomo ardhini Mungu ndiye aliyeyaweka. Nilipima kipande kidogo. Nikapata picha safi kabisa ya itale. Rada ya ardhini nayo inakubali kwenye luseni iliyokauka, lakini ukishuka kwenye udongo mweusi wa mbuga mawimbi yake yanamezwa, hupati kitu. Na vile vyungu vya Kansyore vilivyotawanyika juujuu hakuna mashine inayoviona. Hivyo vinataka macho na watu waliojipanga mstari wakitembea shamba lililolimwa.

Nifike kwenye hasira yangu. Wakati tunaitwa, wapima viwanja walikuwa wameshamaliza. Bikoni zilikuwa chini tayari, saruji na nondo katikati, zimepangwa safu kwa safu mpaka majini. Kila nondo inafuta duara la mita kadhaa kwenye ramani yangu. Mashine inayotafuta nanotesla tano haiwezi kusikia chochote karibu na kipande cha chuma. Ukanda wa chini, ulio bora kuliko yote kwa mtu wa zamani aliyetaka maji, matete na udongo wa kufinyanga, ulitoka na matobo kila upande. Pia greda lilikuwa limeshafungua barabara ya kuingilia, na kwenye kifusi chake dada aliokota mavi ya chuma mengine, yasiyo na anwani tena. Yalitoka wapi? Hakuna atakayejua.

Kampuni ilijitetea kwamba kuchelewa ni gharama. Nimefanya hesabu hiyo. Mtu mmoja mwenye mashine hii, kwenye shamba lililofyekwa, anamaliza kama hekta moja kwa siku. Hakuna mradi wa viwanja ukanda huu ambao umewahi kusimama kwa sababu ya siku chache za mtu mwenye raba za plastiki. Kinachochelewesha ni kugundua tanuri baada ya ramani ya viwanja kupitishwa na watu kulipa malipo ya awali, maana hapo kila mstari unaousogeza una mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea. Viwanja viwili vilifutwa, sehemu ile ikawa eneo la wazi, na barabara ikapindishwa. Ingefanyika mwanzo ingekuwa kazi ya kalamu na kifutio.

Kwa hiyo kama unauza, unanunua au unapima eneo karibu na ziwa, mlete mtu wa mambo ya kale kabla ya mtu wa bikoni. Na kama tayari unachimba msingi ukakuta mawe meusi mazito yenye mawimbi, au vigae vyenye mistari, usiyachanganye na kokoto. Piga picha yakiwa palepale, acha kuchimba sehemu hiyo, toa taarifa kwa mtendaji au halmashauri ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria inakutaka utoe taarifa, na kiwanja chako hakitaifishwi kwa sababu ya kigae, maana najua hiyo ndiyo hofu.

Kuna doa la nne ambalo halijaisha. Liko juu mlimani, karibu na vichuguu, kali kupita yote, na umbo lake ni la ajabu: mkanda mrefu mweupe na mweusi, umegawanyika matawi. Mzee hajui kitu chochote kilichochomwa pale. Dada anasema huenda ni safu ya matanuri. Mimi nasema ni radi. Ziwa hili ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, mnajua wenyewe usiku wa masika unavyokuwa, na umeme ule ukiingia ardhini unaupa udongo sumaku palepale unapopita, matawi kwa matawi. Ukichimba hukuti mkaa wala mavi ya chuma, unakuta moramu tu. Amesema mvua zikiisha tutachimba tuone. Nimemwambia koleo alete yeye.